Mwaka Baba Sangi Alipoacha Kuuliza

Mume wangu aliwahi kumtengenezea mwenyekiti wa kijiji meza yenye miguu mitatu ya urefu mmoja na wa nne mfupi, na sababu aliyoitoa ni Yona. Alikuwa akipiga randa huku akiwaza Yona alifanya nini ndani ya yule samaki baada ya kumaliza kuomba. Ile sala ni fupi, alisema, mtu anaimaliza kabla chai haijapoa. Sasa muda wote uliobaki alikuwa akifanya nini mle? Alipozinduka, mguu wa meza ulikuwa umeliwa. Mwenyekiti alicheka hadi akaketi chini, akaichukua meza hivyo hivyo, akatia kijiwe chini ya ule mguu. Mimi sikucheka. Mbao zile zilipandishwa kutoka bondeni kwa mgongo, na mgongo ulikuwa wangu.

Jina lake ni Chhuanvawra, lakini hapa kijijini Khawzim hakuna aliyemwita hivyo tangu tulipompata binti yetu Sangi. Yeye ni Baba Sangi, mimi ni Mama Sangi, na nyumba yetu ndiyo ile iliyoning'inia ukingoni mwa mteremko, nguzo za mbele fupi, za nyuma ndefu kama miguu ya korongo. Karakana yake iko chini ya sakafu, katikati ya nguzo. Kwa hiyo kila anachokiwaza kinanipandia juu kupitia nyufa za mbao, pamoja na vumbi.

Shule aliiachia darasa la nne. Kilichobaki amejifundisha mwenyewe, na hajamaliza. Waume wa wenzangu wakishuka mjini Aizawl hurudi na samaki wakavu na sabuni. Wangu alipeleka viti sita, akarudi na kamusi ya Biblia. Safari nyingine akarudi na historia ya Wayahudi, kitabu kizito hata dereva wa gari la mizigo alimuuliza kama ni tofali. Hukifungua kitabu akakibana kwenye jiriwa, ile ya kubania mbao, ili upepo usimfungulie kurasa, kisha akafanya kazi macho yakienda huku na huku. Ukichukua kitabu chochote nyumbani kwangu, unga wa mbao unakumwagikia mapajani.

Na maswali! Siku moja nimebeba ndoo ya makombo nakwenda kulisha nguruwe, akanisimamisha.

"Mama Sangi, hebu ngoja. Yule kijana mpotevu, alipoinuka kurudi kwa baba yake, wale nguruwe aliwaachia nani?"

"Aliniachia mimi," nikamwambia. "Sogea."

Alicheka, lakini nyuma yangu nikamsikia akijiuliza kwa sauti kama tajiri wa nguruwe alimlaani yule kijana au alimsamehe, na kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwombea tajiri wa nguruwe. Mchungaji mmoja aliyepita kijijini alilala kwetu usiku mmoja, akaondoka kabla ya chai. Nasikia siku hizi akija upande huu hulala kijiji cha mbele.

Watu walidhani ni utundu, eti fundi mwenye mdomo. Mimi najua maswali yalianza lini. Kabla ya Sangi kukua tulikuwa na mtoto mwingine, Mawia, wa miaka minne. Homa ilimchukua. Kijiji kizima kilikuja kama kinavyokuja, vijana wakachimba kaburi, watu wakajaa nyumbani kutuimbia, na mzee mmoja wa kanisa akamshika mume wangu mkono akamwambia Mungu alikuwa akimhitaji mtoto yule.

"Alimhitaji kwa kazi gani?" mume wangu akamuuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anavyouliza bei ya misumari. "Hata kuchota maji alikuwa hajajua."

Yule mzee akamwachia mkono, maskini. Baada ya hapo watu walikaa wakingoja Baba Sangi aache kanisa. Jumapili iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye benchi, nywele zimelowa maji na kuchanwa. Nikamuuliza, wewe kweli unakwenda? Akasema, "Sijamaliza kumuuliza."

Basi ndivyo alivyokaa na Mungu miaka yote hiyo. Wengine tumemshika kwa nyimbo, yeye alimshika kwa maswali, na nikisema ukweli alimshika kwa nguvu kuliko mimi.

Sasa, kwetu Shule ya Jumapili si ya watoto tu. Bibi asiye na jino anakwenda, na mkwewe anakwenda, kila mtu na darasa lake, na mwisho wa mwaka kuna mtihani. Watu wazima wenye wajukuu hutoka jasho kwa sababu ya safari za Paulo. Darasa linaloongoza kanisani kwetu hupewa nguo nyekundu ya kufumwa, hutundikwa nyuma ya mabenchi yao mwaka mzima ili wengine tuumie. Darasa letu hatukuwahi kuipata. Alama hujumlishwa, na mume wangu alikuwa akituvuta chini kila mwaka. Swali likiuliza mambo matatu tunayojifunza kwa Ibrahimu, yeye ataandika kurasa mbili juu ya Isaka, alivyokuwa akimtazama baba yake njiani walipokuwa wanarudi, na karatasi itamwishia hajalitaja hata jambo moja kati ya yale matatu.

Mwaka ninaousema tulipewa mwalimu mpya, Mwalimu Hrangkima, aliyekuwa mkuu wa shule kabla hajastaafu. Mtu safi, kola imenyooka, kitabu cha masomo kimefunikwa karatasi ya kaki. Alikuwa amefiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Alikuja na nia moja, kututoa mkiani, na tulimpenda kwa hilo.

Tukafika somo la Lazaro. Mwalimu Hrangkima ameeleza vizuri, pointi moja, pointi mbili, mkono wa Baba Sangi ukapanda.

"Mwalimu, Lazaro alikufa tena?"

"Bila shaka. Hayuko hapa."

"Basi alipokufa mara ya pili, Martha alisemaje?"

Darasa likawaka moto. Mmoja akasema Martha alingoja afufuliwe tena, akakaa mlangoni. Bibi Thanzuali, jirani yangu, mjane asiyemwogopa mtu, akatema popoo aliyokuwa akiitafuna kwenye kopo lake na kusema, "Mimi nawaonea huruma vijana. Kaburi la mtu mmoja mara mbili! Mara ya pili nani angekubali kuchimba?" Tukavunjika mbavu. Kisha tukabishana kama Lazaro alifurahi kurudishwa au alinung'unika, na kengele ikalia nusu ya somo haijaguswa. Mwalimu Hrangkima alikifunga kitabu chake polepole mno.

Kwetu hatukatazani. Kumkataza mtu mzima mbele za watu ni kumvua nguo. Tunasifiana hadi mtu ajikataze mwenyewe. Jumapili iliyofuata Mwalimu alisimama, akatabasamu, akasema, "Kabla hatujaanza, napenda kumshukuru Baba Sangi. Ni mtu mwenye mawazo mengi, lakini kwa ajili ya wenzake ameamua kuyaweka kando mpaka tumalize mtihani. Huo ndio moyo wa kujitoa. Tumuige."

Baba Sangi hakuwa ameamua chochote. Nilimtazama kutoka upande wa wanawake. Masikio yalimwiva. Lakini mtu ukishashukuriwa kwa kujitoa mbele ya darasa zima, utasema nini? Utasema hapana, mimi ni mbinafsi? Akainamisha kichwa. Watu wakampongeza kwa macho. Kuanzia hapo akawa kimya kama maji ya mtungi.

Nikiri nilifurahi. Wiki ya kwanza nilipika kwa raha, hakuna anayenisimamisha na ndoo mkononi. Viti vilitoka vimenyooka. Mwalimu wa shule ya msingi alikuja kuchukua kabati lake, akafungua mlango, akafunga, akafungua tena, akasema, "Baba Sangi, mbona safari hii halina kasoro? Unaumwa?" Walicheka wote wawili. Mume wangu alicheka kwa mdomo tu.

Wiki zikapita. Siku moja nikashuka karakanani kumpelekea chai, nikaona jiriwa imebana ubao. Ubao tu. Kitabu kiko juu ya rafu kimefungwa, kimepanguswa. Jambo dogo hilo, jiriwa ni ya kubania mbao, lakini sikulipenda. Nikajaribu kumchokoza.

"Baba Sangi, nimekuwa nikiwaza. Wale mbuni safinani mwa Nuhu, wale ndege wakubwa, walilala wapi?"

"Sijui. Labda kitabu kinasema."

"Kitabu gani? Wewe ndiwe kitabu."

Akachukua kikombe, akanywa. "Mama Sangi, nimechoka. Nimekuwa nikijitazama. Pengine miaka yote hii haikuwa kumtafuta Mungu. Pengine ni kiburi tu, mtu wa darasa la nne anataka aonekane. Mwalimu ana haki. Watu wanakariri, wanafaulu, wanalala usingizi. Acha na mimi nikariri."

"Na Mungu je? Ulisema hujamaliza kumuuliza."

"Labda yeye alimaliza kunisikiliza," akasema, akarudi kwenye randa.

Niliogopa. Nasema waziwazi, niliogopa kuliko siku ile ya homa, maana siku ile tulikuwa wawili. Mtu hukaa kanisani mwili mzima na moyo ukawa umeshatoka nje zamani, nimewaona wa namna hiyo, wanaimba vizuri tu. Nguo nyekundu ilinitoka akilini. Nilitaka mume wangu arudi, na vumbi lake, na Yona wake. Lakini nimfanyeje? Kumwambia aulize nisingeweza, kwa kuwa ameshashukuriwa. Angeuliza, angekuwa amewasaliti wenzake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Ikaja Jumapili ya marudio, ya mwisho kabla ya mtihani. Siku hiyo hata kukohoa watu hukohoa kwa haraka. Mwalimu Hrangkima alikuwa amepanga masomo yote ya mwaka kwenye ubao, mstari kwa mstari, na sisi tumeshika kalamu. Mimi sijawahi kuuliza swali darasani maishani mwangu. Nikasimama.

"Mwalimu, kabla hatujaanza."

Akageuka, chaki mkononi. "Ndiyo, Mama Sangi?"

"Nataka kukushukuru mbele ya wote. Wewe ni mtu mwenye haraka ya haki kabisa, mtihani u karibu, lakini umeamua kwamba leo mtu akiwa na swali la kweli la moyoni, utamsikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Huo ndio moyo wa kujitoa. Mungu akubariki."

Bibi Thanzuali alijifunika uso kwa shali, mabega yakimtikisika. Mwanamume mmoja nyuma akasema, "Amina!" kwa sauti kubwa, na wengine wakafuata. Mwalimu Hrangkima alinitazama, nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Alikuwa mkuu wa shule miaka mingi, anajua mtu anapopigwa kwa fimbo yake mwenyewe.

"Karibu, Mama Sangi," akasema. "Swali lako."

Sasa hapo ndipo nilipogundua nimeingia mtego wangu mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa kitu cha mzaha, kuhusu wale mbuni, ili tu nimchokoze mume wangu aamke. Lakini nilipotazama ubaoni nikaona pameandikwa "Lazaro", na kitu kingine kikanitoka, kitu ambacho sikujua kilikuwa bado kimo.

"Bwana alipofika Bethania alijua anakwenda kumfufua. Alijua muda si mrefu watakula pamoja. Sasa alilia nini?"

Mwalimu akatazama kitabu. "Kitabu kinasema alionyesha ubinadamu wake."

"Nimesoma. Hiyo ni alama mbili. Mimi sitaki alama, nataka kujua alilia nini." Watu wakacheka, nami nikangoja wamalize. "Mawia wetu alipokufa, akina mama walinishika wakaniambia nisilie sana, nitamwona tena, kulia ni kukosa imani. Walikuwa wananipenda. Nikanyamaza. Ila nilikuwa nikienda kuchota maji kisimani wakati hakuna mtu, nalia, nanawa uso, narudi na ndoo. Muda mrefu nimefanya hivyo. Kwa hiyo nauliza. Kama kujua utamwona mtu tena kunakausha machozi, yeye aliyejua kuliko sisi sote alilia nini?"

Upande wa wanaume Baba Sangi alikuwa amesimama, na sidhani kama alijua amesimama.

"Kisimani?" akasema. "Mama Sangi, ulikuwa unakwenda kisimani?"

"Jibu swali, Baba Sangi. Kisima tutakizungumza nyumbani."

Mume wangu akamtazama Mwalimu Hrangkima, kama anayeomba ruhusa. Ahadi ni ahadi, hata ile uliyowekewa mdomoni. Mwalimu aliweka chaki chini. Sauti yake ilipotoka haikuwa ile ya pointi moja, pointi mbili. "Msaidie," akasema. "Na mimi nataka kusikia."

Mume wangu akainama akiwaza, na Bibi Thanzuali akaanza kutafuta popoo nyingine mkobani. Namjua akiwa hivyo. Midomo humchezacheza, na dole gumba husugua kidole cha pili kama anapima ulaini wa ubao. Sijawahi kufurahi kukiona kile kidole kama siku ile.

"Sijui," akasema mwishowe. "Lakini kuna kitu nakiona. Alipopata habari hakulia. Njiani hakulia. Martha alimpokea akasema naye, mambo makubwa, ya ufufuo, wala hakulia. Alilia alipomwona Mariamu akilia. Yeye alijua mwisho wa habari, na Mariamu hakuujua. Angeweza kumwambia nyamaza, ngoja kidogo utaona. Hakumwambia. Alilia naye kwanza." Kisha akasema polepole kama anayejaribu mguu wa kiti kabla ya kukikalia. "Labda kujua mwisho na kulia havigombani. Labda sisi ndio tunaovigombanisha."

Mwalimu Hrangkima aliketi. Hakuwahi kuketi darasani. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na hakuna aliyemtazama, kwa heshima.

"Ila sasa," Baba Sangi akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya karakanani kabisa, ile inayonipandia juu na vumbi, "sasa na mimi nina swali. Kama hivyo ndivyo, mke wangu alipokuwa kisimani peke yake, mimi niko chini nasoma vitabu, nimejaa maswali wala sikujua, Bwana alikuwa wapi?"

"Wewe naye!" Bibi Thanzuali akamrukia. "Si kisimani hapohapo! Akina mama wakienda kuchota maji saa ambayo hakuna mtu, kama yule mwanamke Msamaria, si ndipo anapokwenda kuwangojea?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikaangua kilio. Nililia mbele ya wanaume na wanawake, kwa sauti, pua na macho, bila ndoo ya kunawia. Bibi Thanzuali alinivuta kifuani kwake, penye harufu ya moshi na popoo, naye akawa analia vilevile, na Mwalimu Hrangkima pale kitini pake machozi yalikuwa yakimshuka hadi kwenye kola yake iliyonyooka. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Nilipofuta macho nikaweza kuona tena, kengele ilikuwa imelia na madarasa mengine yanatoka, lakini kwetu hakuna aliyeinuka, na mkono wa Baba Sangi ulikuwa juu.